Altezza RS200, Impreza GC8 au Celica ST202: ipi uipeleke uani ukaifufue mwenyewe?

Wakuu, hili swali naulizwa kila mara mpaka nimeamua niandike mara moja yaishe. Mtu ana uwanja nyumbani, ana boksi la spana, ana hela kidogo kidogo ya mwisho wa mwezi, anataka gari ya michezo ya zamani aifufue mwenyewe pole pole na akimaliza aiongezee utamu. Halafu majina ni yale yale matatu: Toyota Altezza RS200, Subaru Impreza WRX ile ya kwanza ambayo watu wanaiita GC8, na Toyota Celica ya macho manne ya duara, ST202. Zote za Japan, zote lita mbili, zote zilizaliwa miaka ya 90, na zote bado utazikuta zimelala chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba ya mtu, matairi hayana upepo, kuku wanatagia ndani, na mwenye gari anakwambia "siuzi, naitengeneza mwezi ujao".

Niseme mapema kwamba mimi nilianza na Altezza kwa hiyo mkiona naipendelea mnishtue. GC8 nimeshika ya rafiki yangu sana tu, mpaka mkewe akawa ananiwekea sahani. Celica ni ya shemeji.

Wengi wanachagua kwa kuangalia hosipawa. Mimi naona hapo ndipo watu wanapopotea. Gari ya miaka 25 unainunua na ugonjwa wake, na kila moja ya hizi ina ugonjwa unaojulikana kabisa, kwa hiyo kinachochaguliwa hapa ni ugonjwa gani unaweza kuuguza nyumbani kwako, kwa vifaa ulivyo navyo, na kwa uvumilivu wa watu unaokaa nao. Nitazipima kwa bodi, injini, spea, ile kazi yenyewe ya uani, na mwisho kumodifai. Nguvu nimeiweka mwisho makusudi.

Kwanza hakikisha ni gari uliyodhani

Altezza ilitoka Oktoba 1998, ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka Japan msimu wa 1998–1999, ikaendelea kutengenezwa mpaka 2005. Sasa shida ni kwamba ziko mbili. RS200 ina injini ya 3S-GE ya silinda nne, PS (yaani hosipawa) 210 ikiwa ya gia sita za mkono. AS200 ina 1G-FE ya silinda sita, PS 160. Kwa nje zinafanana na muuzaji ataibandika nembo yoyote anayotaka, kwa hiyo soma namba ya chesisi: SXE10 ndiyo RS, GXE10 ni AS. Nimeona mtu amelipa hela ya RS akaenda nyumbani anafurahi na AS ya otomatiki, siku anafungua boneti anahesabu plagi sita. AS siyo gari mbaya, ila siyo aliyolipia.

GC8 ilizinduliwa mwishoni mwa 1992 ikaishia 2000. WRX ya mwanzo ilikuwa na PS 240, za STI, yaani zile zilizonolewa zaidi na Subaru wenyewe, zikafika 280 kufikia 1996, turbo, inavuta magurudumu manne. Hapa pia kuna ujanja maana Impreza ya kawaida isiyo na turbo inavalishwa boneti yenye pua na bawa la nyuma halafu inaitwa WRX. Fungua boneti. Kama hakuna intakula juu ya injini chini ya ile pua, basi ile pua inaingiza mvua tu.

Celica ya umbo hili ilitoka 1993 mpaka 1999. SS-I ina 3S-FE ya PS 140, SS-II ina 3S-GE ya PS 180 kwa zile za mwanzo, na zote zinavuta mbele. Ile ya turbo na magurudumu manne, GT-Four ST205, ni gari nyingine na ni adimu, siiongelei hapa. Nasema hivi kwa sababu muuzaji wa Celica lazima akuletee habari za Safari Rally. Ni kweli Celica ilishinda Safari 1984, 1985, 1986, halafu 1990 na mfululizo 1992 mpaka 1995, ikiwemo ya Ian Duncan wa Kenya mwaka 1994, lakini zile zilikuwa Celica za turbo zilizojengwa kwa rali, za kwanza zinasukuma nyuma na za baadaye magurudumu manne. Hii anayokuuzia haihusiki. Wa Subaru ana haki kidogo ya kutamba, maana Impreza ilishinda 1997 na Colin McRae na 2000 na Richard Burns, ingawa nazo zilikuwa mashine za kiwanda siyo hii iliyolaliwa na kuku.

Bodi na kutu

Injini unanunua nyingine, gia boksi unanunua nyingine, bodi iliyooza hununui nyingine. Na sisi tunaokaa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar tuna upepo wa chumvi ambao haupumziki, kwa hiyo gari iliyokaa Arusha au Nakuru miaka kumi na ile iliyokaa Kigamboni miaka kumi ni vitu viwili tofauti hata kama mwaka ni mmoja.

GC8 ndiyo inayooza vibaya kuliko zote. Matao ya magurudumu ya nyuma yanaanza kwa kavimbe kadogo chini ya rangi, ukikagusa kanavunjika. Vizingiti vya chini ya milango navyo. Lakini pa hatari ni juu ya shokapu za nyuma, pale shokapu inaposhikwa na bodi, unatakiwa ufungue buti, ung'oe lile vazi la ndani, umulike na tochi. Pakiwa pameoza pale, hiyo ni kazi ya kukata na kuchomelea bati jipya, na lazima ichomelewe na mtu anayejua maana ndipo uzito wa gari unapokaa. Kama hujui kuchomelea na huna fundi unayemwamini, ondoka. Usijadili bei.

Altezza bodi yake inavumilia. Angalia matao ya nyuma na kule chini, basi, mara nyingi ni rangi kufifia na taa za mbele kuwa na ukungu wa njano, ambao msasa laini na maji vinautoa Jumamosi moja. (Zile taa zake za nyuma za kioo cheupe ndizo zilizoenea dunia nzima mpaka mtindo wenyewe ukaitwa "taa za Altezza". Mlioziweka kwenye Corolla tunawakumbuka.)

Celica iko katikati. Bati lenyewe siyo baya ila mipira ya mlango wa nyuma na milango ikikauka maji yanaingia, yanakaa chini ya zulia, na bodi inaoza kutokea ndani huku nje inang'aa. Inua zulia la buti uvute harufu. Vioo vya milango havina fremu kwa hiyo mpira ukichoka hata kuosha gari ni vita, na GC8 nayo iko hivyo hivyo.

Kwa zote tatu beba sumaku ndogo ya friji, ifunge kwenye kitambaa chepesi, uitembeze kwenye matao na chini ya milango. Pasiposhika pana puti. Na kama gari inakuja na karatasi ya mnada ya Japan soma ule mchoro: S ni kutu, C ni kutu iliyokula bati, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa, XX ni iliyobadilishwa. Zilizoishi mikoa ya theluji kama Hokkaido zimepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi, angalia chini mara mbili.

Injini

Hapa nitakaa zaidi kwenye Subaru kwa sababu ndipo hela za watu zinapozama.

EJ20 ya turbo, ndiyo injini ya GC8, ni boksa, silinda zimelala mbili kulia mbili kushoto. Ni injini nzuri, ina sauti yake, na inakufa kwa njia inayojulikana: inanoki. Beringi za konekting rodi zinalika, mara nyingi kwa sababu oili ilishuka na mwenyewe hakuangalia, au oili ilichelewa kubadilishwa, au ilikimbizwa ikiwa baridi. Ugonjwa wa pili ni mafuta. Hizi za soko la Japan ziliwekewa kompyuta inayotegemea petroli ya oktani karibu 100 na petroli ya pampu zetu haifiki huko, kwa hiyo ukiiongezea presha ya turbo bila kuityuni kwa mafuta yetu inapasua pistoni, na haikuombi ruhusa. Kabla hujanunua isikilize ikiwaka asubuhi ikiwa baridi kabisa, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na gusa boneti kuhakikisha. Pima kompresheni silinda zote nne. Mwaga oili kwenye beseni jeupe, kata filta, tazama. Ukiona vumbi linalometa kama poda ya dhahabu, ile injini unaihesabu imekufa na unajadili bei ya bodi tupu. Taimingi belti nayo ikikatika valvu zinagonga pistoni, kwa hiyo gari iliyolala muda mrefu usiiwashe hata kwa majaribio mpaka umebadilisha belti na pampu ya maji na umeizungusha kwa mkono kwanza.

3S-GE ya Altezza haina turbo, inapata nguvu kwa kuzunguka, PS 210 zake ziko juu kule kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Kompresheni ni 11.5 kwa 1 kwa hiyo nayo inachagua mafuta, ila haifi ghafla kama Subaru, inalalamika kwanza. Ugonjwa wake maarufu ni zile puli za VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) kwenye kamshafti, ukiwasha asubuhi unasikia kama kokoto kwenye kopo sekunde chache. Gari inaendelea kutembea hivyo muda mrefu tu ila puli mpya ni ghali na iliyotumika ni kamari. Belti ibadilishe siku unayoinunua, maneno ya "imebadilishwa juzi" yasikuingie.

Celica ya 3S-FE haina hadithi. Ni injini ile ile iliyokuwa kwenye RAV4 za kwanza na Caldina, mafundi wanaifungua macho yamefumba. Ya 3S-GE inahitaji uangalizi zaidi, inavuja oili kwenye mpira wa distributa na kava ya valvu, vitu vya hela ndogo na mchana mmoja.

Spea

Kwa Kenya Subaru ni mfalme, Kirinyaga Road unatoka na kila kitu cha EJ maana Legacy na Forester zimejaa. Huku Tanzania Forester zimesaidia sana pia. Breki, bushi, beringi za magurudumu, rejeta, vyote unapata. Vya GC8 yenyewe, yaani fenda, taa, vioo, ndiyo unaanza kutafuta kama mtu anayetafuta ukoo wake.

Altezza ya AS ni raha, 1G-FE iko pia kwenye Mark II GX110, Gerezani Kariakoo unachagua. RS ni tofauti kabisa: hii 3S-GE ya VVT-i mbili iliwekwa kwenye Altezza peke yake, kwa hiyo huwezi kumuua ndugu yake ukamfufua. Watu wanaagiza Sharjah au Japan, na wengi wanachukua nosikati nzima, yaani pua yote ya gari iliyokatwa na injini, gia boksi, waya na kontroli boksi yake. Ukiagiza hakikisha waya havijakatwa. Saspensheni na bodi zinaingiliana na Lexus IS200 kwa hiyo huko hakuna shida, na boljointi za chini za mbele uzibadilishe tu bila kuuliza, zinalika na zikichomoka gurudumu linalala.

Celica ni kama Subaru, ya ndani rahisi ya nje shida. Taa moja ya mbele inaweza kukusimamishia kazi miezi. Na kuna nyingine zilikuja na saspensheni ya mbele inayoitwa Super Strut, ina vijiungo vingi, ikichoka spea zake ni za kuagiza na ni ghali. Wengi wanaing'oa na kuweka ya kawaida ya ST202. Kachungulie chini kabla ya kulipa.

Kitu kingine ni sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hiyo zote hizi utanunua iliyoko ndani ya nchi, iliyokwisha kupita mikono mitano. Tanzania unaweza kuagiza ya zamani ila ushuru wa ziada wa uchakavu unakusubiri bandarini, piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hela Japan.

Kazi yenyewe, uani

GC8 inashangaza watu hapa. Injini yake ni fupi na nyepesi, watu watatu na cheni bloku kwenye tawi imara la mwembe (imara, nimesema) saa chache iko nje. Belti ziko mbele, unazifikia umesimama. Plagi ndiyo adhabu, ziko pembeni zimebanwa na chesisi, utatoa ngozi ya vidole na maneno ambayo watoto hawapaswi kusikia. Kwa hiyo ukiwa na kazi zaidi ya mbili za injini, itoe tu.

Altezza injini imekaa kwa urefu, kuna nafasi pembeni, mtu anayejifunza anaona kila kitu kilipo. Gia boksi ndiyo nzito, kuishusha peke yako umelala chali ni ujinga, nimefanya, nina alama kifuani.

Celica injini imekaa kwa upana na belti iko upande wa gurudumu, unafanya kazi kwa mkono mmoja na kwa kubahatisha. Siyo ngumu, inachosha.

Kwa yoyote: stendi za chuma, siyo jeki, siyo matofali. Tofali linapasuka bila taarifa. Bolti kila sehemu kopo lake, makopo ya Blue Band yanatosha, andika kwa maka na piga picha kabla hujafungua maana mwezi wa sita hutakumbuka. Ukichomelea toa waya wa betri na ujue tenki na bomba la mafuta viko wapi.

Kumodifai

Utaratibu ni ule ule, upoozaji, breki, bushi na matairi, ndipo nguvu. Mtu anayeanza na ekzosi kubwa anatengeneza kelele.

Altezza imebarikiwa chini, saspensheni ya dabo wishibone mbele na nyuma, kwa hiyo bushi mpya, shokapu nzuri na matairi ya maana unapata gari ambayo utashangaa ni ile ile. Kwenye injini yenyewe usitegemee makubwa, utatumia hela nyingi kwa PS chache. Ndiyo maana watu wanahamia injini nyingine, na njia fupi ni 2JZ-GE kwa sababu Toyota wenyewe waliiweka kwenye Lexus IS300 na Altezza Gita AS300, vishikizo na waya vipo. 1JZ-GTE ya Chaser nayo inaingia kwa kazi zaidi. Ila ile gia boksi ya gia sita ya kwake haipendi nguvu nyingi, gia zitaanza kulia, bajeti ya gia boksi iweke mapema. Na ukibadilisha injini kabadilishe namba kwenye kadi ya gari, usisubiri trafiki akufundishe.

GC8 nguvu ni rahisi kuipata, ndiyo mtego. Presha kidogo, ekzosi, tyuni, na umepata ongezeko ambalo Altezza ingehitaji injini mpya kulifikia. Lakini pampu ya petroli, tyuni ya mafuta yetu na geji ya oili viwe vya kwanza, na ukiwa na tabia ya kuachia klachi kwa kishindo kwenye taa, gia boksi ya gia tano itakumwagia meno. Breki za Subaru za baadaye zinaingia nyingi bila kuhangaika sana, rimu ni 5x100, yaani bolti tano kwenye duara la milimita 100.

Celica unaweza kuiwekea 3S-GTE ya Caldina GT-T maana ni familia moja, watu wamefanya, ila magurudumu ya mbele yanaanza kuvuta usukani huku na huku na difu inaomba msamaha. Kwa maoni yangu hii ndiyo ya kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, rangi safi, rimu zake, viti vyake. Zilizobaki nzima ni chache na zilizochezewa ni nyingi.

Sasa wewe ni nani?

Kama ndiyo mara ya kwanza kushika spana na gari hii ndiyo itakupeleka kazini pia, Celica ya 3S-FE yenye bodi nzima na taa zote, au Altezza AS200. Utajifunza bila kufilisika. RS waachie wanaoweza kusubiri mzigo wa Sharjah.

Kama una gari nyingine ya kila siku, unapenda kona kuliko mbio za moja kwa moja, na unaweza kukaa miezi miwili bila gari kusogea, RS200. Mwenye ndoto ya injini kubwa baadaye anunue Altezza AS yenye bodi safi kwa bei ndogo, asilipie 3S-GE ambayo ataing'oa.

Kama unaishi Nairobi au Arusha, mbali na chumvi, karibu na spea za Subaru, una nidhamu ya kuangalia oili kila unapojaza mafuta na una fundi tyuni unayemfahamu kwa kazi zake siyo kwa maneno, GC8. Ukiwa unakaa Mombasa au Kigamboni, GC8 iwe ya kupaki ndani na iliyotibiwa chini kwanza, vinginevyo utakuwa unachomelea kila baada ya masika.

Kama uwanja ni wa mpangaji na mwenye nyumba ana maneno, chukua ile isiyohitaji kutolewa injini, haijalishi jina, maana gari isiyo na injini haihami.

Na kama tayari unayo moja kati ya hizi na unawaza kuibadilisha na nyingine, leo jioni nenda na tochi, fungua buti, inua zulia, halafu tuandikie ulichokikuta.